Chumba cha Kompyuta Zinazotekenya

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Musoma kutibiwa macho, akiwa na mfuko mmoja wa nguo, debe la unga wa mtama na kuku wawili waliofungwa miguu. Alitoka Buswahili, na safari nzima mume wangu alikuwa amemshika mkono, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa halioni kabisa na la kushoto liliona ukungu tu. Alikaa kwetu karibu miezi mitatu. Shangazi zangu walikuwa wamenionya kwamba mama mkwe akizidisha wiki mbili nyumbani kwako, lazima mtakosana. Sisi hatukukosana. Badala yake aliokoa maisha yangu, halafu akafanya jambo jingine kubwa zaidi ya hilo, na yote mawili aliyafanya bila kujua kompyuta inawashwa wapi.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilizaliwa Suguti, nikasomea ufundi mjini, nikaajiriwa na watu kwa miaka minne, kisha nikafungua karakana yangu kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga. Mume wangu yuko Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Hurudi nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Lugha ya kwao na ya kwetu hazifanani, kwa hiyo tangu tulipokutana tunazungumza Kiswahili, na mama yake naye nilizungumza naye hivyo hivyo, yeye akikivuta kwa sauti ya kwao na mimi kwa sauti ya kwetu.

Nieleze karakana ilivyokuwa, ingawa naona aibu. Ukutani palikuwa na soketi moja. Kwenye soketi hiyo nilichomeka ekstensheni, kwenye ekstensheni nikachomeka ya pili, na ya tatu ilitambaa chini ya meza mpaka upande wa mlango. Humo ndimo zilimopata umeme kompyuta za wateja, feni, taa ya meza, chaja za simu za majirani na chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kwa risasi. Nilifanya kazi nikiwa na kandambili. Kikombe cha chai kilikaa juu ya meza katikati ya skrubu. Vumbi la kompyuta nililipuliza humo humo ndani na kulivuta lote puani. Chuoni tulifundishwa somo zima la usalama kazini na nakumbuka nilifaulu vizuri sana. Siku tatu za kwanza za ajira yangu nilifuata kila kitu. Siku ya nne kazi zilikuwa nyingi, nikaruka hili, kesho nikaruka lile, na kwa kuwa hakuna kilichonitokea nikaamini kwamba hakitatokea.

Upasuaji wa jicho la kulia ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa, nilikuwa nimesimama mbele yake pale wodini. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba haoni.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia."

Tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa mtu wa kutazama. Asubuhi alitoka kwenda kulitazama ziwa, akirudi anaeleza rangi yake. Alitazama maandishi kwenye mfuko wa sukari na kuyasoma kwa sauti, maana alijifunza kusoma ukubwani na sasa alikuwa na hamu nayo. Alitazama kisogo cha mwanaye na kusema nywele zimeanza kupungua. Akimaliza kutazama vya nyumbani, alichukua kigoda chake na kuja kukaa karakanani kunitazama mimi.

Siku ya kwanza alivuka nyaya zangu kwa kuinua miguu juu sana, kama mtu anayevuka msafara wa siafu. Akauliza kama umeme huwa unapitaga humo ndani ya nyaya. Nikamjibu kwamba unapita, ila zimevikwa plastiki, hazina neno. Akainama, akaangalia kwa jicho lake jipya, akanyoosha kidole.

"Hii nguo yake imechanika."

Kweli, ile ekstensheni ya tatu ilikuwa imepasuka karibu na kichwa chake, na shaba ilikuwa inang'aa ndani ya mpasuko. Nilikuwa nikiiona kila siku. Nilimwambia nitaifunga utepe kesho. Alinikumbusha kesho yake, na kesho kutwa, halafu akanyamaza, nadhani kwa heshima ya kuwa mgeni kwangu. Wiki mbili zilipita.

Ulikuwa mwezi wa masika. Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha, bati letu likaanza kuvuja karibu na mlango, na maji yakatiririka sakafuni kuelekea pale ilipolala ile ekstensheni. Mama mkwe alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma anasonga ugali. Mimi niliyaona maji, nikaruka kuyawahi. Nilikuwa na kandambili zilizolowa, mkono wangu ulikuwa na maji ya mvua, na nilikishika kichwa cha ekstensheni pale pale palipopasuka.

Watu huniuliza ilikuwaje. Mkono wangu ulijifunga wenyewe. Nilitaka kuuachia, lakini kadiri nilivyotaka ndivyo ulivyozidi kukaza. Nilitaka kuita na sauti haikutoka. Meza niliyoiegemea ilikuwa inatetemeka pamoja nami, kikombe kikaanguka na kuvunjika. Nadhani ni hicho kikombe kilichomleta. Alitokea mlangoni na mwiko wake mkononi, ule mrefu aliokuja nao kutoka kwao, akanitazama mara moja tu, akapiga hatua mbili na kunichapa nao juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwa nguvu zote za mtu aliyekaa na ng'ombe maisha yake yote.

Nilianguka upande wangu na ekstensheni ikaanguka upande wake. Yeye alisimama katikati, mwiko umeinuliwa, anaukodolea macho ule waya kama nyoka ambaye hajafa.

"Kimekuachia?" akauliza.

Niliitikia kwa kichwa. Sauti iliporudi nikamwelekeza swichi kubwa ya ukutani, asiiguse kwa mkono uliolowa. Aliizima kwa mpini wa mwiko. Halafu akakaa sakafuni kando yangu, akanikumbatia.

Kwenye zahanati walinipima moyo na kuukuta uko sawa. Kiganja kilikuwa kimeungua kidogo. Muuguzi aliyekuwa anaandika aliuliza uvimbe mkubwa wa mkononi ni wa umeme pia, nikamwambia hapana, huo ni wa mama mkwe. Aliweka kalamu chini. Nilipomweleza yote alicheka mpaka akafuta macho, na mimi nikacheka, na mama mkwe aliyekuwa amekaa pembeni kwa hofu akaona tunacheka, akaanza kupumua.

Mume wangu hakungoja Jumamosi, alifika Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Yeye alipiga magoti tu, akaangalia chini ya meza yangu kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole kwamba kiwandani kwao mtu mwenye nyaya kama hizi asingeruhusiwa hata kupita getini, kwa sababu cheche moja ikidondoka kwenye pamba hakuna atakayeuliza ilitoka wapi. Alisema yeye hulala Bunda akiamini mkewe yuko mahali salama kuliko alipo yeye. Maneno hayo yaliniuma kuliko kiganja.

Kesho yake tulimwita fundi umeme kutoka Bunda ambaye mume wangu anamfahamu, mtu mfupi anayeongea polepole na kupima mara mbili kila kitu. Kwa siku mbili alitoboa kuta. Aliweka soketi sita, swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja, na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupa umeme uliopotea njia ya kushuka chini badala ya kupita kwa mtu. Alipokwisha kusikia habari ya mwiko, alimpongeza mama mkwe, kisha akamwambia ukweli.

"Mama, umefanya kazi ya kiume, lakini safari ile ulibahatika. Mti mkavu haupitishi umeme, ila ule ugali mbichi uliokuwa kwenye mwiko ungeweza kukushika na wewe. Siku nyingine zima swichi kwanza."

Mama mkwe hakukasirika hata kidogo. Aliomba aonyeshwe swichi. Akaonyeshwa. Akaomba aijaribu mwenyewe ili mkono uizoee, akaizima na kuiwasha mara tatu, na kompyuta ya mteja niliyokuwa nimeiacha inajiwekea programu kwa saa nzima ikazimika mara tatu pamoja nayo. Nikaianza upya.

Baada ya hapo karakana ilikuwa na mkaguzi. Chai ilihamia kibarazani. Kandambili zilipigwa marufuku, nikanunua viatu vya kufunika vyenye soli nene ya mpira. Vumbi nilianza kulipulizia uani, nikiwa na barakoa na nikiupa upepo mgongo. Mume wangu alileta ndoo ya mchanga mkavu, kama walizo nazo kiwandani. Na kila nilipoinua bisibisi, kutoka kwenye kigoda ilisikika sauti ile ile: "Umechomoa?" Nilimweleza kwamba hata ukichomoa, ndani ya kompyuta kuna vikopo vidogo, kapasita, vinavyobaki na umeme kwa muda, na lazima kungoja. Basi akaongeza swali la pili: "Umengoja?" Wateja walizoea. Kuna mwalimu mmoja alikuwa akifika mlangoni ananiuliza yeye kabla hata ya kusalimia, kama nimechomoa.

Siku moja katekista mmoja alileta laptopu yake akilalamika kwamba haifungi vizuri. Mama mkwe aliichukua, akaitazama ubavuni, ilikobenuka.

"Huyu amevimba kama ng'ombe aliyekula majani yenye umande," akasema. "Huwa tunamtoboaga hapa, kushoto, upepo unatoka."

Niliichukua haraka ile laptopu mikononi mwake na kumweleza, mbele ya katekista, kwamba hii ni betri, imevimba kwa hewa iliyomo ndani, na ukiitoboa haitoi upepo, inatoa moto ambao maji hayauzimi kirahisi. Niliifungua taratibu uani, nikaitoa betri bila kuikunja wala kuidonoa, nikaiweka kwenye mchanga mbali na ukuta. Mama mkwe alisimama kando akiangalia. Alisema amefuga ng'ombe miaka hamsini na hajawahi kukutana na mnyama anayevimba halafu hatakiwi kutobolewa. Katekista alicheka akasema atalitumia hilo kanisani, ingawa sijui alilitumia kwa somo gani.

Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani, nilikuwa na kazi katika shule moja ya sekondari wilayani Butiama, njia hiyo hiyo ya kwenda kwao. Walikuwa na kompyuta ishirini za msaada, na mimi ndiye niliyekuwa nazisafisha. Nilikuwa nimeshafika pale mara mbili. Tukapanga kwamba tuondoke pamoja, nimalize kazi kwa siku moja, kisha nimpeleke Buswahili.

Tulifika asubuhi, wanafunzi wakiwa ndani kwenye kipindi. Mlangoni pa chumba cha kompyuta viatu vilikuwa vimepangwa mstari mrefu, maana pale sheria ni kuvua ili vumbi lisiingie. Mimi kama fundi niliruhusiwa kubaki na viatu vyangu. Mama mkwe alivua vyake bila kuambiwa, akaingia miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa bado mbichi kwa kudekiwa. Wanafunzi wakasimama, wakamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu alifurahi. Mimi nikaanza kuongea na mwalimu wa TEHAMA, kijana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Tukiwa tunaongea nilimwona mama mkwe anaweka mkono juu ya boksi la kompyuta ya karibu, kisha anauondoa haraka.

"Kinauma," akasema.

Niligusa na mimi. Sikusikia kitu. Nikamwambia labda ni baridi ya bati. Akagusa tena kwa mgongo wa kidole, akatikisa kichwa, akasema kinauma kidogo kidogo, kama kiwavi. Nilidhani ni woga uliobaki tangu siku ile ya mvua, na nilikuwa nimeshageuka nirudi kwa mwalimu, ndipo msichana aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo aliposema kwa sauti ya kumtuliza:

"Bibi, zinatekenyaga. Ukizoea husikii."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akanieleza kwamba ziko hivyo tangu zilipoletwa, wanafunzi wameziita kompyuta za kutekenya, na kuna mmoja imekuwa mchezo wake kugusa boksi kwa mkono huu na kumgusa mwenzake shingoni kwa mkono mwingine. Wakacheka tena. Mimi nilitazama miguu yao chini ya meza. Wengine walikuwa na soksi nzima, wengine soksi zilizotoboka visigino, wengine miguu mitupu. Kisha nikatazama ya kwangu, ndani ya soli nene za mpira. Zile mara mbili nilizokuja, kabla ya siku ile ya mvua, nilikuwa na kandambili, mpira vilevile. Nilikuwa nimekizunguka chumba kile siku nzima mara mbili, na ugonjwa wake haukuweza kunifikia.

Nilitoa mita yangu ya kupimia umeme, nikagusa ncha moja kwenye boksi na nyingine kwenye bomba la maji lililopita ukutani. Ikasoma zaidi ya volti mia. Nikamwomba mwalimu awatoe wanafunzi wote polepole bila kugusa kitu, nikazima swichi kubwa mwenyewe.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, mchapakazi, aliyezihangaikia kompyuta zile kwa barua nyingi mpaka zikafika. Alitusikiliza ofisini kwake huku akiangalia saa. Alisema watoto wamezitumia miaka miwili na hakuna aliyeumia. Alisema mazoezi ya vitendo yanaendelea, na wazazi watauliza kwa nini chumba kimefungwa. Nilimweleza kwamba kule kutekenya ni dalili: waya wa ardhini haufanyi kazi, umeme kidogo unaovuja unakosa pa kushukia, unangoja mtu. Maboksi yote ishirini yameunganishwa kwa waya huo huo. Siku moja tu ikiharibika kompyuta moja, zote ishirini zitashika umeme kamili, na watoto wako miguu mitupu kwenye saruji mbichi. Alikunja uso, nikaona anapima maneno yangu na barua zake zote.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mwalimu, mimi nimemwona mtu ameshikwa. Hapigagi kelele. Anakutazama tu."

Mkuu wa shule alimtazama, akatazama kovu la kiganjani mwangu ambalo sikuwa nimelionyesha. Akafungua droo, akatoa kufuli, akaenda kukifunga chumba kwa mkono wake.

Nilimpigia yule fundi umeme wa Bunda, akaahidi kufika kesho yake asubuhi. Tulilala kwa mwalimu mmoja wa kike, na mama mkwe akapiga simu Buswahili kuwaambia wasimngoje, ana kazi shuleni. Alisema hivyo hasa, ana kazi shuleni.

Fundi alipofika aliufuata waya wa ardhini kutoka ndani, ukapita ukutani, ukatokea nyuma ya darasa, ukaingia ardhini katikati ya bustani ya mchicha. Hapo ukaishia. Wanafunzi wa bustani walikuwa wamelima kwa bidii, na jembe la mmoja wao, msimu fulani, lilikuwa limeukata bila mtu kujua. Hata ile nondo ya shaba uliyofungiwa ilikuwa fupi na imesimama kwenye udongo mkavu wa chini ya kibaraza. Walimu walianza kuulizana nani alilima upande ule. Mkuu wa shule aliwakatiza, akasema hakuna aliyemwambia mtoto yeyote kwamba pale chini kuna waya, hata yeye hakujua.

Mchicha ulipaswa kung'olewa wote. Wale wa bustani walisikitika kidogo, mpaka mpishi alipotoka jikoni na beseni, ndipo ikageuka kuwa sherehe. Waling'oa, wakachimba, wakaleta mkaa na chumvi ya kuchanganya na udongo ili ushike unyevu. Fundi alileta nondo mbili ndefu za shaba, akazisimamisha, na kila mwanafunzi alitaka kupiga nyundo. Walipanga foleni, kila mmoja mapigo kumi, wengine wakihesabu kwa sauti. Mama mkwe aliomba zamu yake. Alipiga kumi na mbili, na hakuna aliyethubutu kumwambia amezidisha. Ndoo za maji zilikuja kutoka kisimani mkono kwa mkono.

Mimi nilikuwa ndani nikifungua kompyuta moja moja, zote zimechomolewa, nimengoja. Kwenye ile ya kumi na nne nilikuta kiota cha panya, kikavu, kimetengenezwa kwa karatasi za mitihani. Panya alikuwa ameutafuna waya wa umeme upande mmoja, shaba iko nje, na kati ya shaba ile na bati la boksi palikuwa na nafasi isiyozidi punje ya ulezi. Ilikuwa kompyuta ya safu ya tatu, anakokaa mwanafunzi kila siku. Kisha nikamwita mama mkwe aje aone. Aliinama, akaangalia kwa jicho lake la kulia, akasema anaiona nafasi. Alinishika bega na kunikandamiza kidogo, akatoka nje kurudi kwenye ndoo.

Jioni fundi alifunga swichi ya kujikata yenyewe, na asubuhi ya siku ya tatu tukawasha. Nilipima boksi la kwanza, sindano ya mita haikuinuka. Nikapima zote ishirini. Mkuu wa shule alivua viatu vyake vya ofisini, akaingia miguu mitupu mbele ya shule nzima iliyojazana madirishani, akaweka viganja vyote viwili juu ya kompyuta ya kwanza.

"Kimya," akasema.

Wakapiga makofi. Halafu wote wakataka kugusa. Waliingia kwa mstari, kila mmoja anaweka kidole na kungoja, na wengine walitoka wamenuna. Yule aliyekuwa na mchezo wa shingoni alinilalamikia kwamba nimeziharibu. Mkuu wa shule alitangaza sheria mpya: sakafu idekiwe jioni na si asubuhi, pawekwe kandambili za mpira za humo ndani, na yeyote atakayehisi kutekenywa asizoee, aseme. Alilirudia hilo la mwisho mara mbili. Mchana tulikula ugali, dagaa na mchicha wa bustani, wanafunzi, walimu na sisi, na kwa kuwa mchicha ulikuwa mwingi, tulikula pia wa kuongezwa.

Kabla ya kuondoka, yule msichana wa safu ya mbele alimwomba mama mkwe akae kwenye kompyuta yake, aandike chochote. Alikaa, mgongo umenyooka. Msichana akamwonyesha herufi zilipo, na yeye akaanza kuzitafuta moja moja kwa kidole kimoja, akizitamka. Jina la kwanza lilimchukua muda mrefu. La pili muda mfupi zaidi. Wanafunzi walikusanyika nyuma yake wakimsaidia kutafuta, na kwa vile yalikuwa majina ya lugha ya kwao, wale wa kwao wakabishana jinsi ya kuyaandika. Yalipofika matano msichana akamuuliza kama hao ni wajukuu zake.

Akasema hapana, ni ng'ombe.

Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuangalia kuna nini. Yeye hakucheka, alikuwa anatafuta herufi. Jina la tisa lilipokamilika nilimwendea, nikamwambia sikioni kwamba gari la Buswahili lingeondoka na lisingetusubiri.

"Ngoja," akasema, kidole chake kikiwa hewani. "Bado ndama wawili."